Dirisha la Magari na Mwenye Pikipiki: Majibu kwa Wasomaji wa Arusha na Moshi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na ninaishi Sakina, Arusha. Ninasafiri kwa pikipiki yangu mwenyewe, iliyosajiliwa na yenye bima, na leseni yangu ni halali. Mwezi uliopita, jioni ya mvua, niliingia katika mgahawa mmoja wa vyakula vya haraka hapa jijini, ambao una dirisha la kuhudumia magari, nikapanga foleni nyuma ya gari dogo. Nilipofika dirishani nilielezwa kwamba pikipiki hazihudumiwi hapo, kisha mlinzi akaja kuniondoa huku magari ya nyuma yakipiga honi. Tangazo la kukataza sikuliona mahali popote. Ilinibidi niegeshe nje ya uzio na kuingia ukumbini nikiwa nimelowa, na madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nimeyafunga kwenye keria yakabaki mvuani. Je, pikipiki si chombo cha moto kama gari? Na mgahawa una haki ya kunikatalia?
Mwalimu, Sakina, Arusha

JIBU: Ndugu Mwalimu, pole kwa mvua na kwa honi. Maswali yako ni mawili na majibu yake hayafanani, kwa hiyo nitayajibu moja baada ya jingine.

Pikipiki ni chombo cha moto, na katika hilo hakuna ubishi. Inaendeshwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Ina madaraja yake ya leseni katika kundi la A. Kibao chake cha namba huanza na herufi MC. Na kama gari, hairuhusiwi kuingia barabarani bila angalau ile bima ambayo wengi tunaiita bima ndogo, inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Anayekuambia kwamba njia ile ni ya magari tu, na kwa hiyo pikipiki ihesabiwe pamoja na mkokoteni, anasema jambo ambalo dola yenyewe haikubaliani nalo, kwa sababu dola imekusajili, imekupa leseni, na ukikosea inakutoza faini.

Swali la pili ndilo gumu. Sheria za barabarani hazimlazimishi mwenye mgahawa akuuzie chakula kupitia dirisha hili badala ya mlango ule. Eneo ni lake, na anaweza kuweka utaratibu wa namna ya kuingia na kutoka. Wapo watakaokushauri uitaje Katiba, Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi. Lakini ukiisoma utaona kwamba inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha, na sioni busara ya kuibebesha ibara nzito kama hiyo shauri la mahali pa kupokelea kuku na chipsi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji dhidi ya upotoshaji na mbinu zisizo za haki katika biashara, na hapo una hoja kidogo, kwa maana mgahawa uliokuacha upange foleni hadi dirishani bila tangazo lolote ulikufanya uamini kwamba utahudumiwa. Hata hivyo, hoja hiyo inamdai mwenye mgahawa tangazo. Haimdai huduma.

Kwa hiyo hapa ninazungumzia kilicho sawa, ambacho ni kipana kuliko kilichoandikwa katika sheria, na msimamo wangu ni huu: mwenye pikipiki ahudumiwe dirishani, na mgahawa usioweza kufanya hivyo kwa sababu ya kweli umpe mlango mwingine ulio wazi kila saa ambayo dirisha liko wazi.

Nasema "sababu ya kweli" kwa kuwa sababu zinazotolewa ni nyingi na uzito wake haulingani. Inayotajwa kwanza ni usalama, nayo inastahili kuchunguzwa kwa makini badala ya kutupiliwa mbali. Nchini kwetu tunaendesha upande wa kushoto na usukani wa gari uko kulia, hivyo dirisha la mgahawa hujengwa upande wa kulia wa njia. Sasa tazama mikono ya mwenye pikipiki. Mkono wa kulia ndio ulioshika mafuta na breki ya mbele, na wa kushoto umeshika klachi. Akinyoosha mkono wa kulia kupokea mfuko huku gia ikiwa imeingia, kinachoizuia pikipiki isiruke mbele ni vidole vya mkono wa kushoto tu, na mfuko ukianza kuteleza mwili hujipinda kuuokoa, vidole vikalegea. Hapo pana hatari halisi, hasa pale ambapo gari la mbele liko hatua mbili tu. Lakini hatari hiyo huisha kwa kuzima injini, au angalau kutia nyutro, kabla ya mkono wowote kuachia usukani. Inafaa pia kukumbuka kwamba taratibu nyingi za migahawa hii zilianza kuandikwa Marekani, ambako dereva hukaa kushoto na mwenye pikipiki hupokea kwa mkono wa klachi. Zikiletwa Arusha bila kutazamwa upya, zinamkinga mtu na hatari ya nchi nyingine.

Kuna jambo jingine la usalama ambalo wenye migahawa hawalitaji, nami naona ndilo kubwa zaidi. Magari mengi yanayosimama dirishani hudondosha tone la oili au la maji ya kiyoyozi katikati ya njia, mahali pale pale, siku baada ya siku. Magurudumu ya gari hupita pembeni mwa utelezi huo na dereva wake hajui kama upo. Mwenye pikipiki akisimama katikati ya njia, anaweka mguu juu yake. Katika miezi ya masika, vile vitofali vya zege vikiwa vimelowa, mguu ule huteleza, na mtu mwenye pikipiki ya zaidi ya kilo mia moja, mkono mmoja ukiwa na chakula, hana cha kujishikilia. Dawa yake ni ya mafagio na sabuni kila asubuhi, na ya mpanda pikipiki kusimama kwenye mstari wanaopita magurudumu ya gari, upande wa karibu na dirisha.

Sababu ya pili ni ya mitambo. Katika migahawa mingi yenye dirisha la magari, chini ya sakafu ya zege kumezikwa koili ya waya wa umeme. Chombo chenye chuma kikisimama juu yake, hali ya usumaku kuzunguka waya hubadilika, na mtambo hutambua kwamba mteja amefika, ukaita mhudumu na kuanza kuhesabu sekunde. Wengi hudhani kwamba kifaa hiki hupima uzito, na kwamba pikipiki ni nyepesi mno kwacho. Sivyo. Kinahisi chuma, na pikipiki ina chuma cha kutosha ikiwa magurudumu yake yatasimama juu ya waya wenyewe, yaani juu ya ule mstari uliokatwa kwa msumeno unaoonekana sakafuni, badala ya katikati ya eneo ambalo mstari huo unalizunguka. Fundi anaweza pia kuongeza wepesi wa kifaa. Mgahawa unaosema "mtambo wetu hauzioni pikipiki" umekiri kwamba haujamwita fundi.

Ya tatu ni bima. Huwa inasemwa kwa sauti ya kufunga mjadala: "Bima yetu hairuhusu." Inawezekana kabisa kwamba mkataba wa bima wa jengo fulani una sharti kama hilo, na kama lipo, meneja hana budi kulifuata mpaka atakapolijadili na kampuni yake. Lakini mwombe kwa heshima akueleze sharti linasemaje, kwa sababu mara nyingi neno hili hurithiwa kutoka kwa meneja aliyetangulia na hakuna aliyewahi kulisoma.

Sababu ya nne haitamkwi hadharani, na naitaja kwa kuwa inaniuma. Baadhi ya wenye biashara wanaona kwamba pikipiki zinashusha hadhi ya mahali. Wanamwona kila mwenye pikipiki kuwa bodaboda, na kila bodaboda kuwa mtu wa vurugu, na mlinzi amefundishwa kuwaondoa kabla hawajasema wanataka nini. Katika jiji ambalo mwalimu, fundi umeme, bwana shamba, karani wa benki na mama mwenye duka wanasafiri kwa pikipiki, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, tabia hiyo ni dharau kwa sehemu kubwa ya wateja wenyewe, na fedha inayotoka mfukoni mwa koti la mvua ni ile ile inayotoka dirishani mwa gari.

Pengine itasaidia kukumbuka dirisha hili lilibuniwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1948 huko Baldwin Park, California, mgahawa wa In-N-Out ulianza kupokea maagizo kwa kipaza sauti cha pande mbili, ili mteja asilazimike kushuka. McDonald's, ambayo leo wengi hudhani ndiyo iliyoanza, ilifungua dirisha lake la kwanza Januari 1975 katika mji wa Sierra Vista, Arizona, kwa sababu wanajeshi wa kambi ya jirani ya Fort Huachuca hawakuruhusiwa kushuka kwenye magari wakiwa nje ya kambi na mavazi yao ya kazi. Kwa maneno mengine, mteja aliyefikiriwa ni yule ambaye kushuka ni taabu kwake. Sasa pima taabu ya mwenye gari katika maegesho ya Arusha, ambaye anafunga milango na kuacha mizigo yake ndani, na taabu ya mtu kama wewe, mwenye koti la mvua, helmeti, glovu, na mzigo ulio wazi kwenye keria ambao hauwezi kufungiwa popote. Ukiuliza ni nani kati yao anayelihitaji dirisha zaidi, jibu liko wazi.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Kila kituo cha mafuta kwenye barabara ya Moshi kuelekea Arusha huhudumia pikipiki na malori katika pampu zile zile, tena kwa bidhaa inayoweza kulipuka, na utaratibu ni mfupi: zima injini, shuka, jaza, ondoka. Katika Daraja la Nyerere huko Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, pikipiki zimekuwa zikisimama na kulipa tozo kama magari. Kama tumeweza kupokea fedha kwa mwenye pikipiki kwenye daraja, tunaweza kumkabidhi mfuko wa chakula.

Nikuombe na wewe, na wenzako wanaosoma majibu haya, mtimize upande wenu. Mpanda pikipiki anayetaka kuhesabiwa kama gari kwenye foleni akae kwenye foleni kama gari. Kuchomekea katikati ya magari mawili ili kufika dirishani kwanza ndiko kunakowafanya wenye magari wapige honi na walinzi waje mbio. Simama mahali pa gari zima, peke yako. Zima injini kwenye kipaza sauti ili usikike. Fungua kioo cha helmeti lakini usiivue. Andaa fedha au simu kabla ya kufika, kwa sababu kutafuta lipa namba ukiwa na glovu mkononi ni kuwachelewesha walio nyuma. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, chakula hukabidhiwa kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, na wa karatasi hauvumilii mvua wala kuning'inizwa kwenye usukani. Beba mkoba au sanduku la nyuma lenye kifuniko. Vinywaji vya moto usiagize kabisa, hata ukipewa kifuniko, kwa kuwa pikipiki haina mahali salama pa kikombe.

Kuhusu tukio lako, andika barua fupi kwa meneja. Usidai fidia. Taja siku na saa, sema kwamba hapakuwa na tangazo, na uombe mambo mawili: tangazo liwekwe mwanzo wa njia, mahali ambapo mtu bado anaweza kugeuka, na sababu ya katazo ielezwe. Meneja mwenye akili atakujibu, na huenda katika kuitafuta sababu akagundua kwamba haipo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Moshi. Zamu yangu ikiisha usiku, maeneo mengi ya chakula yamefungwa. Upo mgahawa ambao usiku hufunga ukumbi wake na kubakiza dirisha la magari peke yake. Nilikwenda na skuta yangu nikakataliwa. Nilipoomba kuhudumiwa kwa miguu nikakataliwa pia, na mlinzi akanishauri nikatafute teksi nirudi nayo. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na fedha. Je, hii ni haki?
Muuguzi, Moshi

JIBU: Dada yangu Muuguzi, hapana, si haki, na kati ya barua zote nilizozipokea kuhusu jambo hili, yako ndiyo iliyonishika zaidi.

Mwalimu wa Sakina alipokataliwa dirishani, ukumbi ulikuwa wazi. Alisumbuka, akalowa, lakini alikula. Wewe ulikataliwa chakula. Mgahawa unaofunga mlango wa watu na kuacha dirisha la magari umetangaza kwamba baada ya saa fulani unauza kwa wenye magari peke yao, na huo si utaratibu tena wa kupanga foleni. Ni uteuzi wa wateja kwa kigezo cha mali. Sijali kama mwenye mgahawa alikusudia hivyo au la, kwa kuwa njaa yako ilikuwa ile ile.

Suala hili limewahi kuzuka kwingine. Nchini Marekani, mwaka 2016, mtu asiyeona alifungua shauri dhidi ya McDonald's akilalamika kwamba usiku, ukumbi ukifungwa na kubaki dirisha la magari, mtu asiyeweza kuendesha gari hana njia ya kununua. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga kumbi za migahawa katika nchi nyingi, watu wengi wasio na magari walijikuta mbele ya biashara iliyo wazi wasiyoweza kuingia. Kwa hiyo tatizo linajulikana, na mwenye mgahawa wa Moshi hawezi kusema kwamba hajapata nafasi ya kulifikiria.

Natambua hofu iliyo nyuma ya katazo hilo. Ukumbi hufungwa usiku kwa sababu wafanyakazi ni wachache na wanaogopa kuvamiwa, na wako waporaji wanaotumia pikipiki kwa sababu ya wepesi wake wa kukimbia. Kwa mtu aliyeko ndani ya kibanda cha kioo saa sita za usiku, helmeti iliyofungwa uso inatisha. Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu la vitendo. Mteja afungue kioo cha helmeti ili uso uonekane. Taa imulike kibao cha namba. Malipo yafanyike kwa simu. Na chakula kitolewe kupitia kitundu chenye nondo, kama tulivyozoea kwenye maduka ya mitaani, ambako kwa miaka mingi watu wa Majengo na Pasua wamenunua mkate na maziwa usiku bila muuzaji kufungua mlango. Kitundu kama hicho kwenye ukuta wa mbele, chenye kengele, na mwavuli wa bati juu yake, kinamhudumia mwenye skuta, mwenye baiskeli na mwenye miguu, na hakimgusi dereva yeyote kwenye foleni. Ni kazi ndogo ya fundi uashi na fundi wa kuchomelea, na mgahawa ulioweza kujengewa njia nzima ya magari hauwezi kushindwa nayo.

Mpaka kitakapojengwa, mhudumu anaweza kumtoa mlinzi aje na kalamu, achukue agizo, na arudi na mfuko. Kukuambia ukakodi teksi kwa ajili ya kuvuka mita ishirini za zege lilikuwa jibu la mtu aliyefundishwa kanuni bila kufundishwa kusudi lake, na lawama yake naiweka kwa aliyemfundisha.

Andika kwa meneja, na ikiwezekana mwandike pamoja, wewe na wenzako wa zamu. Mgahawa unaofungua usiku katika mji wenye hospitali unawategemea ninyi kuliko unavyojua.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa zamu katika mgahawa wenye dirisha la magari. Binafsi sina tatizo na pikipiki. Ninachoogopa ni kwamba nikiruhusu moja, kesho nitapata bodaboda thelathini waliotumwa na wateja wao, na njia itaziba. Nifanye nini?
Msimamizi, Arusha

JIBU: Ndugu Msimamizi, hofu yako ina mfano halisi. Juni 2021 nchini Indonesia, McDonald's ilipoanza kuuza mlo maalumu uliotangazwa na kundi la muziki la BTS la Korea Kusini, maelfu ya waendesha pikipiki wanaosafirisha chakula walifurika kwa siku moja, na matawi kadhaa jijini Jakarta yakafungwa kwa muda kwa sababu ya msongamano wakati wa janga. Ni nchi ambayo pikipiki hupita dirishani kila siku bila tatizo. Kilichoiziba njia siku ile kilikuwa wingi wa waliotumwa, na ndiyo maana nakushauri uwatenganishe wateja kwa kazi iliyowaleta.

Mtu aliyepanda pikipiki na anayekuja kununua chakula chake mwenyewe ni mteja wa dirishani: anaagiza, analipa, anapokea, anaondoka. Bodaboda aliyetumwa kuchukua agizo lililolipiwa hana cha kuagiza, anasubiri. Msubirishe dirishani na utakuwa umeziba njia kwa mikono yako. Mpe mahali pake pembeni, penye kivuli, pa kuegesha pikipiki tano au sita, na meza moja au kitundu cha kupokelea kwa namba ya agizo. Watu hawa hukaa juani au mvuani nje ya uzio wa migahawa mingi ya Arusha kama watu waliokosea, wakati wao ndio wanaobeba mauzo yake hadi Njiro na Kwa Mrombo. Ukiwapa benchi utashangaa utulivu utakaoupata.

Kwa wale wa dirishani, chora mstari wa kusimama kwa rangi nyeupe juu ya ule mkato wa waya niliomweleza Mwalimu, kisha andika kwenye ubao wa mwanzo wa njia: pikipiki moja kwa nafasi moja, injini izimwe, vinywaji vya moto havitolewi kwa pikipiki. Wafundishe wahudumu kukunja mdomo wa mfuko na kuukabidhi baada ya kuona mkono wa kushoto umeachia klachi, yaani chombo kimezimwa au angalau gia haijaingia. Wafundishe pia kutokabidhi chenji na mfuko kwa wakati mmoja; hapo ndipo sarafu huanguka, mteja akainama, na gari la nyuma likasogea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai mazingira salama hata bila pikipiki, hivyo usafi wa oili kwenye njia yako si upendeleo kwa yeyote.

Jaribu kwanza saa ambazo foleni ni fupi, kwa mfano katikati ya asubuhi, na umwambie mwajiri wako ulichokiona kabla ya kuruhusu saa za chakula cha mchana. Foleni zenyewe zitakuambia mahali pa kurekebisha.

SWALI: Mhariri, na sisi wa bajaji je? Na baiskeli?
Dereva, Kijenge

JIBU: Ndugu Dereva, bajaji isiwe na mjadala mrefu: ina magurudumu matatu, haianguki ikisimama, ina paa, na nafasi inayoichukua kwenye foleni inakaribia ya gari dogo. Tatizo lake ni kwamba wewe unakaa katikati, hivyo dirisha liko mbali na mkono wako. Sogea karibu na ukingo kadiri inavyowezekana, au mwachie abiria aliyeketi upande wa kulia apokee. Usishuke kwenye njia wakati gari la nyuma bado linatembea.

Baiskeli sitaiingiza kwenye foleni hiyo. Haina taa za nyuma za kutegemewa, dereva aliyeketi juu ndani ya gari kubwa anaweza asiione kabisa, na anayeiendesha anaweza kushuka na kuikokota hadi kwenye kitundu kile nilichomweleza Muuguzi. Mahali ambapo kitundu hicho hakipo na ukumbi umefungwa, mhudumu atoke nje amhudumie.